Sufu Ndani ya Helmeti

Asubuhi za kiangazi huko kwetu Arua hazianzi. Hufunuliwa kidogo kidogo, kama kitu kilichokuwa kimelala chini ya shuka. Ukungu hutanda juu ya mitiki na juu ya mabati, na baridi inayoteremka kutoka upande wa Kongo huingia chini ya mlango bila kubisha hodi. Wasioijua nchi yetu hudhani kwamba West Nile ni joto tupu. Naomba kulisahihisha hilo kabla ya mengine yote: iko miezi ambayo mtu anayesafiri nyuma ya lori lililo wazi, alfajiri, kutoka Arua kuelekea Koboko, hushuka akiwa hana habari na masikio yake.

Nilikuwa mkaguzi wa usalama kazini. Ofisi yangu ilikuwa juu ya kilima cha Arua, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani zenye baraza pana, ambamo sauti ya mtu aliyestaafu miaka mingi iliyopita huonekana kama bado inazunguka darini. Kazi yangu ilikuwa kupanda pikipiki, kufika mahali watu wanapochimba, wanapojenga au wanapopasua mawe, kutazama, na kuandika nilichokiona. Sikuandika nilichosikia. Sikuandika nilichodhani. Wakubwa wangu wawili wa mwisho walinilaumu kwa uchelewaji. Hakuna aliyewahi kunilaumu kwa neno lisilo la kweli.

Miongoni mwa fomu nilizojaza ilikuwamo moja ya kofia ngumu, ambazo sisi sote twaziita helmeti. Fomu hiyo ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza iliuliza kama mfanyakazi ameivaa. Ya pili, kama mkanda wa kidevuni umefungwa. Ya tatu, kama kuna vazi jingine chini yake. Safu ya tatu iliwekwa kwa sababu nzuri. Kofia nene ya sufu huifanya helmeti iyumbe kama mtungi juu ya kata isiyolingana na kichwa, na baya zaidi, hufunika masikio. Mtu aliyefunikwa masikio mahali penye malori ni mtu aliye peke yake duniani. Kwa hiyo kanuni ilikataza sufu, ikaruhusu kofia nyepesi ya pamba isiyofika masikioni.

Kundi ninalotaka kulieleza lilikuwa la barabara. Lilichimba mitaro na kuweka makalvati, yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitishia maji, kwenye kipande cha njia ya udongo mwekundu kinachochepuka kutoka barabara kuu, karibu zaidi na Koboko kuliko Arua. Wafanyakazi wengi walitoka Adumi. Lori liliwakusanya kabla ya jua, wakasimama nyuma yake wakiwa wameshikana mabega, macho yamefumbwa kwa upepo, na hivyo ndivyo walivyofika kazini, kama watu waliobebwa kutoka usingizi mmoja na kutuliwa katika mwingine.

Niliwapenda. Sioni haya kusema hivyo. Niliwapenda kwa ajili ya adabu yao. Pikipiki yangu ilipotokea kwenye ukungu, kabla sijazima injini, sururu zote zilitua chini. Kila mmoja aliishika helmeti yake kwa mikono miwili, akaivua taratibu, akaikumbatia kifuani huku mdomo wa helmeti umeelekea mwilini, akainamisha kichwa kitupu na kuniamkia. Kwetu mtu hamwamkii mkubwa akiwa amejifunika kichwa. Wazee wetu walilishika jambo hilo, kanisa likalitia nguvu, na jeshi, ambalo karibu kila ukoo wa West Nile umelitolea mtu, likalipigilia msumari. Mvuke ulipanda kutoka kwenye vile vichwa vilivyonyolewa, ukapotea katika ukungu. Nilivihesabu. Nilitazama safu ya tatu, nikaandika: hakuna. Mwezi uliofuata: hakuna. Na uliofuata: hakuna. Kalamu yangu ilipita juu ya karatasi kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia.

Mmoja tu hakuvua. Alikuwa msimamizi wao, waliyemwita fomani, mtu wa Koboko, Mwislamu, mrefu, mwenye sauti ya kuvuka mto. Chini ya helmeti yake alivaa kofia nyeupe ya pamba iliyoishia juu ya masikio, nami niliiandika kwa uaminifu kuwa inaruhusiwa. Aliniamkia kwa kuweka mkono kifuani, akarudi kwenye kazi yake. Hakukuwa na kosa lolote katika hilo, na kama ningeulizwa ningesema hivyo. Lakini leo nasahihisha kumbukumbu zangu, wala sitaacha hili nje: moyoni nilimwona mkavu. Nilimwona kuwa na adabu pungufu kuliko watu wake.

Kisha nikastaafu. Nilirudi Awindiri, kwenye nyumba yangu, na siku zikaanza kufanana. Asubuhi nilikaa barazani nikiwa nimevaa kofia ya sufu ya kijivu, nimeivuta hadi chini ya masikio, na ulimwengu ukasogea mbali. Majogoo waliwika kama wako Adumi. Mke wangu alisema jambo nami nikaona mdomo wake tu. Ilikuwa raha ya ajabu, raha ya mtu ambaye hatakiwi tena kuangalia lolote.

Barua ilifika katika raha hiyo. Niliitwa kuja kuthibitisha saini zangu mbele ya kamati. Sababu ilielezwa kwa mistari michache. Katika lile kundi la barabara, lori la kumwaga moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, lilikuwa likirudi nyuma likamgonga mfanyakazi aliyekuwa ameinama mtaroni. Mguu wake ulivunjika mara mbili. Msimamizi alidai kwamba alipiga kelele na kugonga ubavu wa lori kwa koleo, ila yule mtu hakusikia kwa sababu alikuwa na sufu masikioni chini ya helmeti. Mfanyakazi naye alisema hakuna aliyepiga kelele. Kamati ikazifungua ripoti zangu, ikakuta: hakuna, hakuna, hakuna. Msimamizi akasimamishwa kazi. Kilichobaki ni kikao cha kumfukuza na kuandika katika karatasi zake kwamba alimwacha mtu agongwe, kisha akasingizia kofia. Mtu mwenye maneno hayo kwenye karatasi zake hatapewa tena kundi la watu, si Koboko, si Arua, si kokote.

Nilikunja barua nikiwa na hasira, na hasira yangu, naiandika kama ilivyokuwa, ilikuwa juu yake. Siku tatu baadaye alikuja mwenyewe Awindiri. Mke wangu alimkaribisha, akamwekea chai na mihogo. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha sokoni na kambini, wala sitayanyoosha. Anayenyoosha maneno ya shahidi huharibu ushahidi.

"Mzee," alisema, "wewe naandika hakuna."

"Niliandika nilichokiona."

"Sufu iko. Kila mutu iko na sufu yake. Mimi nakataza, wao nasema ndiyo fomani, mimi nageuka, wao navaa. Baridi iko mingi, Mzee. Nitapiga mutu kwa sababu ya baridi?"

"Kwa hiyo unasema, nyumbani kwangu, ukinywa chai yangu, kwamba niliandika uongo."

Alikunywa funda moja. "Chai iko tamu," alisema. "Lakini ripoti yako iko mubaya."

Mke wangu alicheka jikoni, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa. Nilisimama. Nilimwambia mgeni wangu, kwa lugha safi kabisa, kwamba nimevihesabu vichwa hivyo kwa macho haya, vikiwa vitupu, tena mara nyingi kuliko alivyowahi kuvihesabu yeye. Kwamba watu wake walikuwa na heshima ya kunivulia kofia, heshima ambayo wengine hawakuwa nayo. Na kwamba nitaithibitisha kila saini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaweka mkono kifuani, akamshukuru mke wangu, akaondoka.

"Umemfukuza mgeni," mke wangu alisema.

"Hakufukuzwa. Alimaliza chai."

"Baba, mtu asafiri kutoka Koboko kuja kukwambia uongo ambao anajua hutaukubali? Uongo gani huo usio na faida?"

Yeye ni mwalimu mstaafu, na swali la mwalimu halijibiwi kwa haraka.

Kesho yake, bila kumwambia mtu ninakwenda wapi, nilivaa koti, nikavuta kofia yangu ya sufu masikioni, nikapanda gari la kwanza la Koboko, nikashuka kwenye ule mchepuko. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mikalitusi ilionekana kukatwa katikati, vilele vikielea bila mashina. Nilitembea hadi kazi ilipofikia, nikaketi juu ya kalvati ambalo lilikuwa bado halijazikwa. Nilikuwa na mwili ule ule na uso ule ule. Lakini sikuwa na pikipiki ya ofisi, wala fulana ya kung'aa, wala ubao wa fomu, na hakuna aliyenitambua. Mzee mmoja ameketi kando ya njia. Labda anasubiri jua.

Lori liliwatua wafanyakazi. Walipita mbele yangu mmoja mmoja, na ilikuwa kama kuota ndoto ya mahali unapopajua, ambamo kila kitu ni sawa isipokuwa kimoja. Chini ya kila helmeti ilikuwamo sufu. Ilikuwa nyekundu, ya kijani, yenye mistari, yenye kishada kilichochomoza nyuma ya shingo. Masikio hayakuonekana hata kwa mmoja. Walianza kuchimba na sikusikia sururu zao. Niliona udongo ukiruka, niliona midomo ikicheka, na yote yalikuwa kimya na laini, kana kwamba barabara nzima ilikuwa imefungwa ndani ya pamba. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Najua kwamba nilikuwa na furaha, na kwamba furaha hiyo si jambo la kujivunia.

Mkono ulinishika bega na kunivuta kwa nguvu. Nilianguka upande, juu ya udongo, na mahali nilipokuwa nimeketi gurudumu la nyuma la lori lilisimama likiwa limegusa kalvati.

"Wewe mzee!" Aliyenivuta alikuwa amevua helmeti yake kwa mshtuko, na sasa alinivua nami kofia ili maneno yafike. "Iko kiziwi? Dereva napiga honi, sisi napiga kelele, wewe nakaa kama kuku juu ya mayai!"

"Sikusikia," nilisema.

"Sikusikia!" Akawageukia wenzake. "Nasema hasikii! Nakuja kulala kwa barabara, nyumbani hakuna kitanda!"

Walicheka wote, nami nikatikisa vumbi magotini. Neno lile moja, sikusikia, lilikuwa limetoka kinywani mwangu kwa unyofu kabisa, na ningeliapia mbele ya kamati yoyote. Hakuna aliyepiga kelele. Hivyo ndivyo ningesema. Na wangekuwa wamepiga kelele hadi makoo yanawauma.

Hata hapo bado sikuwa nimeielewa safu yangu ya tatu. Niliielewa robo saa baadaye. Gari la ofisi lilitokea kwenye ukungu, likiwa limembeba mkaguzi aliyechukua nafasi yangu. Kabla mlango haujafunguliwa, sururu zilitua. Mikono miwili ilipanda pande zote za kila kichwa, ikabana, ikainua. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na kando kidogo, mahali ambapo mkaguzi hasimami kamwe. Helmeti ilitoka na sufu ikatoka nayo, imetulia ndani kama kiota. Kisha zote zikageuzwa kifuani, mdomo ukielekea mwilini, jinsi adabu inavyotaka. Mbele ya mkaguzi viliinama vichwa vitupu, vikitoa mvuke.

Hapakuwa na hila. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu baadaye mtu mmoja ofisini alilitafutia jina la hila. Wasingeweza kuvua helmeti na kubakiza sufu kichwani mbele ya mkubwa. Hiyo ingekuwa nusu heshima, na nusu heshima ni matusi. Walivua vyote kwa pamoja kwa sababu waliniheshimu. Na mimi, kwa kuwa nilipenda kuheshimiwa, nilikitazama kichwa na sikuitazama kofia. Mkaguzi mpya aliinua kalamu. Sikuwa karibu, lakini nililijua neno analoliandika kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda.

Kutoka hapo nilikwenda sokoni Koboko, nikamtafuta anayezifuma. Alikuwa mama mmoja wa kutoka Sudan Kusini, ameketi nyuma ya rundo la sufu za rangi zote, sindano zake zikienda zenyewe huku yeye akiongea na jirani. Nilimuuliza kama huwauzia watu wa barabara.

"Wao ndio wananilisha," alisema. "Mimi nawafumia mbili ndani ya moja. Moja haitoshi, upepo wa lori unaingia. Wanataka ifike hapa." Alinishika ndewe ya sikio bila kuniomba ruhusa. "Na wewe baba, hiyo yako nani alifuma? Ni ya mtoto?"

Nilinunua ya mistari, ya mbili ndani ya moja, nikaondoka nayo chini ya kwapa.

Siku iliyofuata nilipanda kilima cha Arua nikiwa na barua ya kurasa mbili ya kusahihisha ripoti zangu. Karani wa masijala, ambaye nilimfundisha mwenyewe jinsi ya kufunga jalada kwa uzi, aliisoma akiwa amesimama, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mzee wetu, hii haiwezekani. Ripoti zilishapokelewa."

"Zina kosa."

"Zimepokelewa zikiwa na saini yako na muhuri. Sasa wewe ni raia wa kawaida. Raia hasahihishi jalada."

"Anayejua kosa ni nani, kama si aliyelitenda?"

"Mzee, nakuheshimu sana," alisema, na kwa hakika alikuwa ameivua kofia yake na kuiweka mezani, "lakini utaitwa kusema ndiyo, hii ni saini yangu. Hivyo tu. Ukisema zaidi, watauliza hata ripoti nyingine. Miaka yako yote. Kwa nini ujitie tope?"

Nilishuka kilima na barua yangu mkononi. Niliitumikia ofisi ile hadi meno yangu ya nyuma yakaniacha, na sasa ilikuwa tayari kumwangamiza mtu kwa mwandiko wangu, huku ikinikataza kuushika mwandiko huo. Jalada si kaburi. Kilichomo ndani yake kinatembea, kinakula kazi za watu. Nilimwambia mke wangu hivyo, kwa sauti ya juu, nikizunguka uani.

"Basi usiwaandikie," alisema. "Wewe umezoea kuandika. Waonyeshe."

Siku ya kikao umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ilikuwa ikinguruma nje ya dirisha kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mtu wa maneno machache, akiwa na wajumbe wawili, na yule karani wa masijala akiandika kumbukumbu. Msimamizi aliketi upande mmoja, kofia yake nyeupe kichwani, mikono juu ya magoti. Upande wa pili aliketi mfanyakazi aliyevunjika mguu, magongo yake yameegemezwa ukutani. Alikuwa akitazama sakafu. Nilijua anachokiogopa: akikiri kwamba alivaa sufu, ataambiwa alivunja kanuni, na jina lake litaondolewa kwenye orodha ya kazi.

Nilipoitwa, niliingia nikiwa nimevaa helmeti. Mmoja wa wajumbe alitabasamu. Nilifika mbele ya meza, nikaishika helmeti kwa mikono miwili, nikaivua, nikaikumbatia kifuani na kuinamisha kichwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "kabla sijathibitisha saini, naomba uniambie nilivaa nini chini ya helmeti."

Alinitazama juu ya miwani. "Hukuvaa kitu, Mzee. Kichwa chako kiko wazi."

"Naomba liandikwe."

Karani aliandika. Nilingoja hadi kalamu ikatua. Ndipo nikaigeuza helmeti, na sufu ya mistari ikatazama dari.

Mfanyakazi aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Hivyo ndivyo nilivyoandika mwaka mzima," nilisema. "Sasa naomba jambo moja zaidi." Nilivaa tena sufu hadi chini ya masikio, na helmeti juu yake, nikaenda dirishani penye jenereta na kuwapa mgongo. Nilimwomba mwenyekiti aniite, kwa sauti yoyote apendayo, nami nitageuka nikisikia.

Uani palikuwa na mbuzi mmoja, na kwenye kamba shuka jeupe lililopepea polepole sana. Ngurumo ya jenereta ilinifikia kwa nyayo kuliko kwa masikio. Nilisubiri kuitwa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unajiondoa juu ya mji, paa kwa paa, na nilifikiri juu ya wale vijana wa Adumi nyuma ya lori, jinsi kila mmoja wao husimama asubuhi ndani ya ukimya kama huu na kudhani ni joto tu. Nilifikiri juu ya yule aliyeinama mtaroni, akiwa ametulia, akitazama udongo mwekundu. Hakuna aliyeniita. Nilisubiri zaidi. Ilinijia kwamba pengine wameniita tayari.

Nilipogeuka, wote walikuwa wamesimama. Msimamizi alikuwa hatua mbili nyuma yangu, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Na mfanyakazi alikuwa ameinuka kwa gongo moja, analia na kusema jambo ambalo sikulisikia. Nilivua helmeti.

"Rudia," mwenyekiti alikuwa akimwambia. "Rudia polepole, Mzee naye asikie."

"Nasema ilikuwa mbili ndani ya moja," alisema yule mfanyakazi, akijipangusa uso kwa kiwiko. "Kama ile yake. Mimi hapana danganya, Mama. Mimi hapana sikia kitu. Lakini kama Mzee hapana sikia fomani hapa ndani ya nyumba, basi… basi labda yeye alipiga kelele. Labda alipiga."

"Nilipiga," alisema msimamizi. "Sauti imeisha siku mbili."

"Nilidhani uliniacha."

"Mimi nikuache? Nani angechimba ule mtaro, mimi?"

Mjumbe mmoja alicheka, akajizuia.

Kamati ilikaa faraghani muda mfupi, ikatuita tena. Mwenyekiti alisoma uamuzi akiwa ameshika miwani mkononi. Msimamizi arudishwe kazini, na lisiandikwe neno lolote baya katika karatasi zake. Mfanyakazi asiadhibiwe kwa vazi ambalo kundi zima lilivaa mbele ya ukaguzi. Jina lake libaki kwenye orodha hadi mguu upone. Wafanyakazi wapewe kofia za pamba zisizofika masikioni, na lori lifungwe turubai dhidi ya upepo. Kisha alinitazama.

"Inabaki hii, Mzee. Lazima tuandike juu ya ripoti zako. Naweza kusema zilikuwa na upungufu mdogo wa kiutaratibu."

"Hapana," nilisema. "Si upungufu, wala si mdogo. Andika kwamba safu ya tatu ya ripoti zangu za kundi lile si ya kweli na isitegemewe. Andika kwamba mkaguzi alitazama vichwa, hakutazama helmeti."

"Ukiniambia niandike hivyo, mtu yeyote atakayefungua jalada lako atauliza kuhusu ripoti zako nyingine."

"Na aulize."

Karani aliandika. Mkono wake ulikuwa mzito, na mara mbili alinitazama kama mtu anayetaka kuombwa aache. Sikumwomba. Nilisoma kila neno, nikaweka saini yangu, ile ile niliyokuja kuithibitisha, chini ya sentensi iliyoikana. Niliomba nakala. Waliniahidi nakala, na hadi leo ninapoandika haya haijafika. Nimewakumbusha kwa barua nne.

Nje, barazani, msimamizi alikuwa akikunja karatasi yake na kuitia mfukoni mwa shati. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru, maana kulikuwa na mtu mmoja tu kati yetu aliyekuwa na deni la maneno. Nilimwomba radhi kwa yale niliyomwambia Awindiri. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyosikiliza siku ile.

"Mzee, kesho mimi nakataza wao kuvua," alisema. "Mutu yeyote nakuja, mukubwa, waziri, askofu, hakuna kuvua helmeti. Salamu kwa mdomo tu, na sufu kama iko, macho naona. Hata wewe ukikuja."

Niliwaona tayari akilini, wamesimama kwenye ukungu, vichwa vimefunikwa mbele ya mtu mzima, mikanda ya videvuni imekazwa, wananiamkia kama wanavyoamkia ng'ombe anayepita. Kitu ndani yangu, kitu cha zamani sana, kilikataa katakata.

"Hata mimi," nilimwambia. "Wasivue."

Aliitikia kwa kichwa, akaweka mkono kifuani, akateremka kilima kwa hatua ndefu kuwahi gari la Koboko.